UZI: Dewey Balfa, mpiga fidla wa Louisiana aliyewarudishia Wakajuni muziki wao

Kinubi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu jukwaani tumesoma nyuzi za Franco, za Mbaraka Mwinshehe, za Bob Marley, mpaka za wapiga bluzi wa Mississippi. Leo naleta mtu ambaye sijawahi kuona akiandikwa kwa Kiswahili, na kwangu mimi ni mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa karne ya 20: Dewey Balfa wa Louisiana, kusini mwa Marekani. Alipiga fidla, aliimba, na sehemu kubwa ya maisha yake alikula kwa jasho la kazi nyingine kabisa.

Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize, nitajibu nikipita.

Tuanze na watu wake, maana bila wao Balfa haeleweki. Wakajuni ni uzao wa Wafaransa waliohamia Acadie, upande wa mashariki wa Kanada ya leo, kwenye karne ya 17. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza. Nyumba zilichomwa, watu wakapakiwa melini na kutupwa huku na huko, mume bandari hii, mke ile. Wengine walitangatanga kwa miaka. Kuanzia 1764 na 1765 baadhi wakaanza kufika Louisiana, na mwaka 1785 wakaja wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa kwa meli saba. Wakakaa kwenye vinamasi na mbuga za kusini magharibi mwa jimbo, wakaoana na Wajerumani, Wahispania na Wafaransa wengine waliowakuta au waliowafuata, wakaishi jirani na wenyeji wa asili na Waafrika. Muziki wa Kikajuni umetoka kwenye mchanganyiko huo wote.

Balfa alizaliwa 20 Machi 1927 mahali panapoitwa Bayou Grand Louis, karibu na mji mdogo wa Mamou, wilaya ya Evangeline. Baba yake, Charles, alikuwa akilima shamba la mwenye nalo na kugawana naye mavuno. Maisha ya namna hiyo hayaachi akiba. Lakini mzee Charles alikuwa mpiga fidla, na nyumba ile usiku ilikuwa na muziki. Wavulana wakakulia humo: Will, Burkeman, Dewey, Harry, Rodney. Wote walishika chombo kwa namna moja au nyingine. Hapakuwa na mwalimu wala karatasi ya noti. Ulikaa, ukatazama mkono wa baba, kesho yake ukajaribu.

Nyumbani ilikuwa Kifaransa chao tu. Shuleni ilikuwa habari nyingine: katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iliamuru shule za umma zifundishe kwa Kiingereza, na watoto wa kizazi cha kina Dewey waliadhibiwa wakisikika wakisema Kifaransa hata uwanjani. Shikeni hili, tutalirudia.

Wambui_Molo

Hapo kwa shule umenigusa. Sisi huku Kenya tulikuwa tunapewa kibao, ukishikwa ukiongea lugha ya mama unakivaa mpaka umshike mwenzako. Nilidhani ni mambo ya mkoloni huku kwetu pekee. Endelea, niko hapa.

Dereva Mstaafu

Nimeweka kiti mbele. Endelea mkuu.

Kinubi

Dada Wambui, ndiyo hivyo hivyo. Na matokeo yalifanana: wazazi wengi wakaacha kuwasemesha watoto Kifaransa ili wasiteseke. Ndani ya vizazi viwili lugha ikaanza kukatika, na muziki ulioimbwa kwa lugha hiyo ukaonekana ni wa washamba.

Sasa muziki wenyewe. Naomba nikae hapa kidogo.

Kabla ya umeme kufika vijijini, dansi ilipigwa nyumbani kwa mtu. Fanicha zinatolewa nje, watoto wanalazwa chumba cha pili, mpiga fidla anakaa pembeni, na watu wanacheza mpaka usiku mkubwa. Hakuna kipaza sauti. Chumba kimejaa miguu inayopiga sakafu ya mbao. Fidla moja haisikiki humo. Kwa hiyo mpigaji anaukandamiza uta kwenye nyuzi, na anakwaruza nyuzi mbili kwa pamoja: mmoja unabeba wimbo, wa pili unavuma bila kukatika. Ndiyo maana fidla ya Kikajuni inasikika kama ni wawili hata akiwa mmoja.

Mara nyingi walikuwa wawili kweli. Wa kwanza anapiga wimbo. Wa pili anakaa chini, kwenye nyuzi nene, anakata uta mfupi mfupi akifuata miguu ya wachezaji, na mara moja moja anapanda kuusindikiza wimbo kwa sauti ya chini yake. Kwa kina Balfa, wa pili alikuwa kaka mkubwa, Will. Yeye hata jina la ukoo aliliandika kivyake, Bolfa. Sikiliza rekodi yoyote yao isiyo na kodiani, kisha uzuie sikio lako lisimfuate Dewey. Mfuate Will. Hana mbwembwe, hatafuti sifa, lakini ukimwondoa wimbo unaporomoka. Katika usikilizaji wangu wote wa muziki wa nyuzi, sijakuta ndugu wawili wanaopumua pamoja kiasi kile.

Uimbaji nao ulizaliwa kwenye chumba kile kile chenye kelele. Mwimbaji anapanda juu kabisa, mwisho wa uwezo wa koo, ili sauti ipenye. Asiyezoea atasema analia. Na kweli nyimbo nyingi ni za kilio: kupendwa ukaachwa, kufiwa, kwenda mbali, kuwa yatima. Halafu zinachezwa kama dansi, mapigo matatu au mawili, watu wamekumbatiana wanazunguka sakafuni.

Vyombo vingine ni gitaa la kushikilia mapigo, na chuma cha pembetatu ambacho mafundi wa kijijini walikifua kutokana na meno ya reki kuukuu za kukusanyia majani makavu. Halafu kuna kodiani ndogo ya Kijerumani ya vitufe kumi, iliyoingia Louisiana mwishoni mwa karne ya 19. Kodiani ina nguvu. Ilipoingia iliichukua nafasi ya mbele, na fidla ikawa msindikizaji. Miaka ya 1930 upepo ukageuka, bendi za nyuzi zikaiga muziki wa Texas na kodiani ikawekwa kando. Baada ya vita ikarudi tena, hasa kwa nguvu za kijana aliyeitwa Iry LeJeune. Balfa alikulia katikati ya mabadiliko hayo, ndiyo maana mkono wake unajua yote: nyimbo za zamani za baba yake, na fidla laini za dansi za mjini alizozisikia kwa Leo Soileau, J.B. Fuselier na Harry Choates.

Mwana Kikwajuni

Shekhe, kwetu Unguja umenipeleka moja kwa moja kwenye kidumbak. Huko nako fidla ndiyo inayoongoza arusi, inapigwa kwa nguvu, imezungukwa na sanduku, vidumbak na cherewa, watu wanacheza mpaka jasho. Haibembelezi kama ya taarab ya kukaa vitini. Swali langu: santuri zao zilianza lini? Maana Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928.

Kinubi

Swali zuri sana, na mwaka ni huo huo. Santuri ya kwanza ya Kikajuni ilirekodiwa New Orleans mwaka 1928 na kampuni ya Columbia: Joe Falcon kwenye kodiani na Cléoma Breaux, aliyekuja kuwa mkewe, kwenye gitaa. Haikuwa bahati. Miaka ile kampuni za santuri zilikuwa zikitafuta masoko mapya kila kona ya dunia. Waligundua kwamba mtu akisikia lugha yake ikitoka kwenye gramafoni, atauza kuku anunue. Kampuni iliyompeleka Siti Bombay na ile iliyompeleka Falcon New Orleans zilifuata hesabu moja.

Naendelea. Wakati wa vita Balfa alikwenda Texas kufanya kazi kwenye karakana ya meli mjini Orange, kisha akawa baharia kwenye meli za mizigo. Aliporudi nyumbani alikuta kumbi za dansi zimefunguka kila mahali. Watu walikuwa wametoka vitani na kwenye visima vya mafuta, wana fedha mfukoni, wanataka kucheza. Akapiga na bendi mbalimbali, na mwaka 1951 ndugu wakatoa santuri yao ya kwanza. Baadaye akasikika sana nyuma ya Nathan Abshire, mpiga kodiani mkubwa wa Basile, mji ambao Dewey mwenyewe aliishi na mkewe Hilda, aliyemwoa mwaka 1948.

Dereva Mstaafu

Mkuu samahani nikukatize. Alikuwa analipwa vya kutosha kuishi kwa muziki?

Kinubi

Hapana mkuu, na jina lako hapa linafaa: Dewey Balfa aliendesha basi la shule. Alilima, aliuza bima, na baadaye akafungua duka la fanicha pale Basile. Fidla ilikuwa ya jioni na mwisho wa wiki. Hili naomba tulichukue kwa uzito wake. Mtu aliyepewa heshima ya juu kabisa ya sanaa za jadi Marekani aliamka alfajiri kuwapeleka watoto wa watu shule.

Sasa tunafika mwaka 1964.

Kulikuwa na tamasha kubwa la muziki wa asili mjini Newport, jimbo la Rhode Island, kaskazini kabisa. Mtafiti wao, Ralph Rinzler, alikuwa amezunguka Louisiana akitafuta Wakajuni wa kuwapeleka huko. Wakachaguliwa Gladius Thibodeaux kwenye kodiani na Louis LeJeune, aliyejulikana kama Vinesse, kwenye fidla. Ikahitajika mtu wa gitaa, na dakika za mwisho akaitwa Balfa. Yaani mara ya kwanza anapanda jukwaa la taifa, hakwenda na fidla yake. Alikwenda kushikilia mapigo.

Kabla hawajaondoka, mhariri wa gazeti moja la Opelousas aliandika kwa kejeli kwamba kupeleka muziki ule kaskazini ni kujitafutia aibu. Kumbukeni huyu ni mtu wa kwao. Wageni hawakuwa wamesema neno. Hayo ndiyo matunda ya ile shule niliyowaambia mwanzo: mtu anafika mahali anaona sauti ya bibi yake ni aibu.

Balfa alikuja kusimulia mara nyingi kilichotokea. Mpaka siku ile alikuwa amezoea dansi za nyumbani na kumbi ndogo. Alisema hadhani kama aliwahi kuona watu 200 wamekaa pamoja. Newport alikuta 17,000. Wakapiga zile nyimbo zao za Mamou na Basile, kwa Kifaransa ambacho pengine hakuna mtu kwenye umati aliyekielewa, na umati ukasimama na kukataa kuwaacha washuke. Tamasha hilo hilo walikuwemo Joan Baez na Bob Dylan, na watu wakawapigia makofi ya kusimama wakulima watatu wasiojulikana na mtu.

Wengi wangebaki kaskazini wakatafuta mkataba. Balfa alirudi nyumbani, na alisema amerudi na nia ya kuuleta mwangwi wa makofi yale Louisiana, watu wake nao wausikie.

Chando_78

Aisee. Endelea, usilale.

Tambo la Kale

Mkuu mimi nina pingamizi kidogo. Ukisema fidla ya Kikajuni, dunia inamjua Doug Kershaw. Huyo ndiye alitoka na wimbo wa kumhusu mtu wa Louisiana mwaka 1961, akaonekana kwenye televisheni ya Johnny Cash mwaka 1969 amevaa suti za mahameli, anakata nyuzi za uta jukwaani. Na kabla yake Harry Choates, ambaye wimbo wake wa 1946 uliingia kwenye chati za taifa, akafa mahabusu Austin akiwa na miaka 28 tu. Kwa nini Balfa ndiye awe mkubwa?

Kinubi

Sipingani na vipaji vyao, na Choates ni huzuni tupu. Alikuwa na kipawa cha kutisha, akamalizwa na pombe kabla hajafika 30. Kershaw naye ni moto, alizipeleka fidla za kwao mahali ambapo hazikuwahi kufika.

Ila mimi napima kwa kipimo kingine. Kershaw alitoka kwenda duniani. Balfa alitoka, akageuka, akarudi kwa wale waliokuwa wakimwonea aibu na kukaa nao miaka 28 iliyobaki ya uhai wake akiwabembeleza wasikilize. Hiyo kazi haina suti za mahameli. Ngoja nikuonyeshe alivyoifanya, kisha uamue.

Kwanza alikwenda Ville Platte kwa Floyd Soileau, mwenye lebo ya Swallow, akamwomba awarekodi yeye na ndugu zake, muziki wa zamani kama walivyoupiga nyumbani. Soileau alisita. Yeye ni mfanyabiashara, na soko wakati huo lilikuwa la gitaa za umeme na ngoma. Mwishowe akakubali kujaribu santuri ndogo moja, valsi (dansi ya mapigo matatu) ya huzuni za mlevi. Ikauzwa kuliko alivyotarajia, na huko ndiko ilikotoka ile santuri kubwa ya ndugu Balfa ambayo hadi leo vijana wanajifunzia. Mwaka 1967 Dewey akarudi Newport, safari hii na nduguze na binti yake Nelda. Baada ya hapo wakawa wanaitwa kwenye matamasha Marekani nzima, Kanada na Ulaya.

Wakati huo huo serikali ya jimbo ilikuwa imeamka. Mwaka 1968 kikaundwa chombo cha kuendeleza Kifaransa Louisiana, CODOFIL, chini ya mwanasheria James Domengeaux. Nia njema, lakini walileta walimu kutoka Ubelgiji, Ufaransa na Quebec wafundishe Kifaransa cha vitabuni, huku mabibi na mababu wenye lugha yao wakiwa wamekaa barazani hawaulizwi kitu. Muziki nao mwanzoni haukuhesabiwa. Balfa alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba ukitaka kijana aipende lugha, mpe wimbo.

Hapo anaingia kijana mmoja wa Louisiana, Barry Ancelet. Alikuwa mwanafunzi Nice, Ufaransa, akitamani kwao. Siku moja akamsikia mwanamuziki Roger Mason akipiga wimbo wa Kikajuni, na alipokwenda kumsemesha akaambiwa: ukirudi nyumbani, mtafute Dewey Balfa. Alikwenda mpaka Ufaransa ili aelekezwe kwa jirani. Aliporudi alikwenda Basile kugonga mlango, na urafiki wao ukazaa jambo kubwa.

Tarehe 26 Machi 1974, mjini Lafayette, kwenye ukumbi mkubwa wa Blackham Coliseum, ikaandaliwa tamasha la kuuenzi muziki wa Kikajuni. Waandishi wa habari wa nchi zinazozungumza Kifaransa walikuwa na mkutano wao mjini hapo. Usiku ule hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na ngurumo, na bado watu zaidi ya 12,000 walijitokeza, wengine wakakosa nafasi.

Uamuzi mmoja wa waandaaji naupenda kuliko yote: hawakuacha nafasi ya kucheza. Watu walizoea muziki huu ukumbini, bia mkononi, migongo kwa wapigaji. Usiku ule waliwekwa vitini, wanatazama mbele. Jukwaani wakapanda mzee Dennis McGee, Nathan Abshire, ndugu Balfa, na Wakrioli weusi, yaani watu weusi wa Louisiana wenye asili ya kusema Kifaransa: Clifton Chenier, Bois Sec Ardoin na Canray Fontenot. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusikilizwa kimya na watu wa kwao. Tamasha lile halikufa. Liliendelea na kukua kuwa tamasha la kila mwaka la Lafayette, nalo lipo hadi leo.

Tambo la Kale

Sawa mkuu, hapo nimekuelewa. Kwa kipimo hicho simpingi.

Binti Mlandizi

Umetaja Wakrioli weusi mwishoni tu. Naomba ufafanue. Waafrika wako wapi kwenye historia hii?

Kinubi

Dada, wako kwenye msingi. Mmoja wa waliouunda muziki huu kama tunavyoujua ni Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, mpiga kodiani na mwimbaji wa ajabu. Mwaka 1929 alirekodi na Dennis McGee, mzungu, fidla na kodiani, katika nchi ambayo sheria zilikuwa zikiwatenga weusi kila mahali. Wote wawili walikuwa wakulima, walipiga dansi pamoja, na nyimbo walizoacha zinapigwa na kila bendi ya Kikajuni.

Mwisho wake ni mchungu. Simulizi ya wanamuziki wenzake, Canray Fontenot akiwa mmoja wao, ni kwamba usiku mmoja dansini msichana wa kizungu alimpa leso ajifute jasho. Wanaume wawili wakamvizia njiani wakampiga, na hakurudi kuwa yule yule tena. Alifariki mwaka 1942 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, Pineville. Kwa hiyo mtu akikwambia muziki wa Kikajuni ni wa Wafaransa peke yao, mwambie akasikilize sauti ya Amédé. Mapigo yale yanayoyumba kati ya mguu na mguu, na ule mlio wa bluzi kwenye koo, havikutoka Acadie.

Bois Sec na Canray walipelekwa Newport mwaka 1966, miaka miwili baada ya safari ya kwanza ya Balfa. Canray kwenye fidla ni uzi unaojitegemea, nitauleta.

Chando_78

Tunausubiri. Ya Balfa yaliishaje?

Kinubi

Sehemu hii naiandika kwa shida.

Miaka ya mwisho ya 1970 mambo yalikuwa mazuri. Dewey alikuwa ameanza kuingia shuleni, shule zile zile za jimbo lile lile, akiwa na fidla, akiwapigia watoto na kuwaeleza kwa Kifaransa na Kiingereza nyimbo zimetoka wapi. Hebu fikirieni: shule iliyowafunga midomo watu wa rika lake sasa inamfungulia mlango aje na lugha ile ile.

Mwaka 1979, Will na Rodney wakafariki pamoja kwenye ajali ya gari. Rodney ndiye aliyekuwa gitaa na sauti, Will ndiye ile fidla ya chini niliyowaomba mumfuate. Mwaka uliofuata, 1980, mkewe Hilda naye akafariki.

Sijui mtu anashikaje uta baada ya hapo. Mpiga fidla wa pili hapatikani dukani. Will alikuwa ameusikiliza mkono wa Dewey tangu Dewey hajui kushika chombo. Alijua pumzi itaishia wapi. Sikilizeni rekodi za Dewey za miaka ya 1980 mkitoka kwenye zile za 1967. Uta ni ule ule, safi, lakini anacheza na nafasi zaidi, anaacha nyuzi zivume peke yake mahali ambapo zamani kulikuwa na mtu.

Hakuacha. Tony, mtoto wa Rodney, alikuwa tayari anapiga naye. Binti yake mdogo, Christine, alipanda jukwaani na kile chuma cha pembetatu tangu akiwa mtoto. Aliwachukua vijana wasio wa ukoo wake pia: Steve Riley wa Mamou alizunguka naye akiwa kijana mdogo wa kodiani, na Michael Doucet, ambaye wengi mnamjua kwa bendi yake ya Beausoleil, alijifunza kwake fidla miaka ya 1970. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi, Balfa alikuwemo kwenye kundi la mwanzo, pamoja na watu kama Bill Monroe na Lydia Mendoza. Alionekana pia kwenye filamu kadhaa, na chuo kikuu cha pale mjini Lafayette kikamchukua kufundisha, yeye aliyejifunza kwa kutazama mkono wa baba.

Alifariki kwa saratani 17 Juni 1992, umri miaka 65.

Wambui_Molo

Poleni kwao hata kama ni miaka mingi. Na watoto wake waliendelea?

Kinubi

Ndiyo dada. Mwaka ule ule wa 1992 Christine alianzisha bendi, Balfa Toujours, na Dirk Powell aliyekuwa mumewe. Wakapiga nyimbo za ukoo, wakatunga mpya kwa Kifaransa kile kile. Baadaye, mwaka 2001, ikaanzishwa wiki ya mafunzo kwa jina la Dewey. Watu walilala huko huko, asubuhi wakajifunza fidla, kodiani, uimbaji na lugha kutoka kwa wazee wa Kikajuni na Kikrioli, usiku wakacheza. Hakuna noti. Unakaa, unatazama mkono.

Mwana Kikwajuni

Shekhe, mimi najifunza fidla hapa Mji Mkongwe. Nimejaribu kufuata rekodi zao jioni hii, sauti hazikubaliani kabisa na fidla yangu. Nyuzi zangu ziko sawa, nimehakikisha. Tatizo liko wapi?

Kinubi

Nyuzi zako ziko sawa kwa taarab. Wao wanazishusha zote nne, kila uzi hatua moja nzima. Wewe una G, D, A, E. Wao wana F, C, G, D. Sababu ni kodiani: ile ya vitufe kumi imefungwa kwenye ufunguo mmoja, na ya kawaida kabisa ni ya C. Mpiga fidla akishusha nyuzi, anaweka vidole vile vile alivyozoea kwa D, na sauti inatoka C. Vilevile anapata nyuzi tupu zinazovuma ndani ya ufunguo wa kodiani, na ule mvumo ndio nusu ya muziki wao. Uzi ukilegea kidogo, sauti nayo inanenepa.

Kwa hiyo shusha taratibu, anza na ule mnene, usizikurupushe zote mara moja daraja likainama. Ukishafika, acha wimbo kwanza. Chukua rekodi ya ndugu Balfa, valsi ya polepole, ucheze sehemu ya Will peke yake: nyuzi mbili za chini, uta mfupi, mkazo kwenye pigo la kwanza. Ukiweza kukaa hapo wimbo mzima bila kuyumba ndipo upande kwa Dewey. Halafu tafuta santuri za Dennis McGee na Sady Courville za mwaka 1929, fidla mbili tupu bila kodiani, uone kizazi kilichowatangulia kina Balfa walivyogawana kazi. Ukirekodi, weka hapa tusikilize.